Nani Atampeleka Mgonjwa Majini? Historia ya Spa na Mwambao Wetu wa Tanganyika



Tarehe 11 Februari 1858, nje kidogo ya mji wa Lourdes kusini mwa Ufaransa, msichana maskini wa miaka 14, Bernadette Soubirous, alikwenda kuokota kuni, akamwona Bibi mwenye mavazi meupe katika pango la Massabielle. Siku mbili baadaye, tarehe 13 Februari 1858, wasafiri wawili Waingereza, Richard Burton na John Speke, walipanda kilima kimoja katika nchi yetu hii na kuliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza. Burton alikuwa amedhoofishwa na homa na kufa ganzi miguu, hata kwa muda mrefu alisafiri akiwa amebebwa. Speke alikuwa amepatwa na ugonjwa wa macho, hivi kwamba ziwa alilolitafuta kwa miezi mingi aliliona kama ukungu tu. Kesho yake wakafika Ujiji, wagonjwa wote wawili.

Matukio hayo hayakujuana. Hata hivyo, yote mawili yanatuweka mahali pamoja, yaani ukingoni mwa maji, penye mtu mgonjwa. Nami nimeona ni vema juma hili tuanzie hapo, kwa sababu neno “spa” limekwisha kuingia katika miji yetu. Tunaliona katika vibao vya saluni na katika matangazo ya hoteli. Wageni wanaopita Kigoma kwenda kuwatazama sokwe wa Gombe na Mahale wanapenda, baada ya safari, kupumzika ufukoni na kukandwa mwili. Waamini nao huuliza: je, yafaa Mkristo kwenda huko? Swali ni jema, lakini historia inatufundisha kwamba liko swali jingine lililo kubwa zaidi.

I. JINA NA AINA ZAKE

Spa ni jina la mji. Upo Ubelgiji mashariki, katika milima ya Ardennes, na chemchemi zake zenye chuma na hewa ya ukaa zilisifiwa na matabibu tangu karne ya 16. Mwaka 1717 Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, alikwenda kunywa maji yake. Umaarufu ulipozidi, jina la mji likawa jina la kila mahali pa namna ile. Wengine husema kwamba neno hili ni kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana ya afya kwa njia ya maji. Maelezo hayo yanapendeza, ila yalibuniwa baadaye sana. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji wa Spa, pamoja na miji mingine 10 ya chemchemi ya Ulaya, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Aina za spa ni nyingi, lakini tukizipanga vizuri tunapata makundi machache. Kwanza ni chemchemi za madini au za maji moto, ambazo watu huoga au hunywa maji yatokayo ardhini. Pili ni hamamu, yaani nyumba ya joto na mvuke, iliyoanza kwa Warumi na kuendelezwa na Waislamu. Tatu ni tiba ya maji baridi, iliyoenea Ulaya katika karne ya 19. Nne ni spa za siku hizi za hotelini na za mjini, penye kukandwa mwili kwa mafuta, kusuguliwa ngozi na kukaa katika chumba cha mvuke. Bibi zetu wa pwani wasingeshangaa sana, maana singo na udi walivijua, wala bibi zetu wa bara wasingeshangaa, kwa kuwa kujifukiza kwa majani walikuzoea tangu zamani.

Mji huo wa Spa una uhusiano na Kigoma ambao wachache wanaukumbuka. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, Wajerumani walikuwa wanajenga mji wa kujivunia, na jengo ambalo wengi huliita Nyumba ya Kaiser lipo mpaka leo. Masimulizi ya mjini husema lilijengwa kwa matumaini kwamba Mfalme Wilhelm II angekuja kulitembelea Ziwa. Hakuja. Vita vikazuka, na mwezi Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Naye Kaiser, mwaka 1918, makao makuu ya jeshi lake yalikuwa wapi? Katika mji wa Spa, katika hoteli na majumba yaliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa na watalii. Huko ndiko alikopata habari kwamba kule Berlin imetangazwa kuwa amejiuzulu, na tarehe 10 Novemba 1918 akaondoka Spa kukimbilia Uholanzi. Wabelgiji nao, kwa mkataba wa 1921, wakapewa eneo lao katika bandari ya Kigoma. Mfalme aliyeandaliwa nyumba ya kupumzikia kwetu alimaliza enzi yake katika mji wa mapumziko wa wale waliomnyang'anya Kigoma. Tafakari ninyi wenyewe juu ya fahari za dunia hii!

II. NANI ALILIPA?

Warumi wa kale walijenga nyumba za kuogea ambazo magofu yake yanashangaza hata leo. Zile za Kaisari Caracalla zilifunguliwa mwaka 216. Wananchi wa kawaida waliingia kwa kiingilio kidogo, na jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini chini ya sakafu, katika vijia vya moshi na tanuru, watumwa ndio waliochochea moto tangu alfajiri. Nyumba kubwa ya Diocletian, iliyomalizika mwaka 306 hivi, ilijengwa katika miaka ileile ya dhuluma kuu dhidi ya Wakristo. Mwaka 1561 Papa Pius IV aliamuru sehemu yake igeuzwe kuwa kanisa, na kazi hiyo akapewa Michelangelo. Ndilo kanisa la Bikira Maria wa Malaika na Mashahidi, ambamo watu wa Roma husali hadi sasa.

Zanzibar, yapo mabafu ya Kidichi, yaliyojengwa mwaka 1850 na Sultani Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na yapo ya Hamamni katika Mji Mkongwe, aliyoyajenga mwanawe Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Ya kwanza yalikuwa ya kifalme; ya pili yalikuwa ya umma, hata mtaa mzima ukaitwa kwa jina lake. Ni majengo mazuri, na mtalii huyatembelea kwa furaha. Ila sisi wa Ujiji tunapaswa kuyatazama kwa jicho jingine. Utajiri wa Zanzibar wa karne ile ulitoka katika karafuu zilizolimwa na watumwa, na katika pembe za ndovu na watumwa walioletwa kwa misafara kutoka bara. Mojawapo ya vituo vikuu vya misafara hiyo palikuwa hapa Ujiji. Maji yale ya uvuguvugu yalipashwa moto, kwa namna fulani, na mabega ya watu waliotembea kutoka mwambao huu na wasirudi.

Simaanishi kwamba kuoga ni dhambi. Namaanisha kwamba penye raha ya mtu mmoja, Mkristo ana wajibu wa kuuliza nani anachochea tanuru.

III. CHUMVI YA UVINZA NA CHEMCHEMI ZA JIRANI

Mkoa wetu nao una chemchemi za madini zenye sifa ya kale. Uvinza, karibu na mito Malagarasi na Ruchugi, hutoka maji ya chumvi ambayo watu wameyachemsha kwa zaidi ya miaka 1,400. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba huko mwaka 1967 walithibitisha hayo. Wazee wetu hawakwenda Uvinza kujinyoosha majini. Walikwenda kiangazi, kutoka nchi za mbali, wakajenga vibanda, wakachemsha maji na kurudi kwao na chumvi, baada ya kuwaachia watawala wa Uvinza sehemu yao. Mgeni hakufukuzwa, na mwenyeji hakunyimwa haki yake. Huo ulikuwa utaratibu wa busara juu ya zawadi iliyotoka ardhini.

Bonde la Ufa limejaa maji moto. Hata chini ya Ziwa letu, upande wa Kongo, katika rasi ya Ubwari, watafiti walitambua mwaka 1987 matundu yanayotoa maji ya moto sana katika sakafu ya ziwa. Nchini mwetu zipo chemchemi za Songwe kule Mbeya, za Amboni kule Tanga, na Maji Moto karibu na Ziwa Manyara. Kenya wana maji yanayorushwa juu na mvuke katika Ziwa Bogoria, na kule Olkaria mabaki ya maji ya kuzalishia umeme yamefanywa bwawa la kuogelea watalii.

Lakini mfano unaonigusa zaidi upo Kitagata, magharibi mwa Uganda. Hapo pana chemchemi mbili za moto. Moja huitwa kwa jina la Omugabe, mfalme wa Ankole, kwa kuwa aliitumia yeye. Nyingine wananchi waliipa jina la Mulago, yaani jina la hospitali kuu ya taifa lao, kwa sababu wagonjwa huenda kukaa katika maji yake wakitumaini kupona. Mfalme ana yake, wagonjwa wana yao! Katika mahali padogo namna ile, historia yote ya spa imeandikwa.

IV. BETHZATHA

Mwinjili Yohane, katika sura ya 5, anatupeleka Yerusalemu, kwenye birika lenye matao matano. Kundi kubwa la wagonjwa limelala hapo likingoja maji yatibuke. Mmoja amekuwa mgonjwa kwa miaka 38. Bwana anapomuuliza kama ataka kuwa mzima, mtu huyo hailaumu chemchemi, wala hasemi kwamba maji hayana nguvu. Anachosema ni kwamba hana mtu wa kumshusha ndani. Kila akijivuta, mwingine humtangulia.

Birika hilo si hadithi tu. Lipo katika kiwanja cha kanisa la Mtakatifu Anna, na uchimbaji umefunua mabwawa makubwa mawili, na kando yake vyumba vya kuogea ambamo wapagani wa zama za Warumi walitafuta uponyaji. Kwa lugha ya leo, ilikuwa spa. Na ni nani waliokabidhiwa kanisa hilo mwaka 1878? Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie, yaani Mapadre Weupe. Mwaka uleule msafara wao wa kwanza ulianza safari ya kuja Maziwa Makuu, na mwezi Januari 1879 mapadre wa kwanza wakaingia Ujiji. Shirika moja lilitunza birika la yule asiye na mtu, na likaja kwenye ziwa la watu waliouzwa.

Hapa Ujiji alikuwapo kabla yao mtu mwingine asiye na mtu. David Livingstone aliporudi kutoka Manyema mwezi Oktoba 1871, alikuwa amekonda, mgonjwa, na bidhaa zake zilikuwa zimeuzwa na yule aliyekabidhiwa. Aliandika katika shajara yake kwamba alijiona kama yule aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, wala hakutumaini kuhani, Mlawi au Msamaria mwema kupita njia hiyo. Mwarabu mmoja, Syed bin Majid, alijitolea kuuza pembe zake ili amsaidie. Siku chache baadaye akafika Stanley na chakula, dawa na barua. Maji ya Ziwa yalikuwa yaleyale kabla na baada. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikuja.

V. PADRE MWENYE NDOO, NA DAKTARI WA KAREMA

Asije mtu akadhani kwamba Kanisa linadharau tiba ya maji. Mmoja wa mababa wa spa za kisasa alikuwa padre wa parokia. Sebastian Kneipp, mtoto wa mfumaji maskini wa Bavaria, aliugua kifua akiwa bado masomoni. Mwaka 1849 alianza kujitumbukiza kwa muda mfupi katika maji baridi ya mto Danube, akapata nafuu, akapewa upadre mwaka 1852. Baadaye, katika kijiji cha Wörishofen, alitibu watu kwa kumwagiwa maji, kutembea juu ya umande, chakula chepesi, mitishamba na maisha yenye kiasi. Kitabu chake juu ya tiba ya maji kilitoka mwaka 1886 na kikaenea dunia nzima. Wakuu walimiminika kwake, lakini mlango wake haukufungwa kwa maskini, na mwaka 1893 alifungua nyumba kwa ajili ya watoto wagonjwa. Kijiji chake ni mji wa spa hadi leo.

Mwambao wetu nao ulimpata wake. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga huko Malta. Akaja Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akabaki hapo akiwa katekista na daktari hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa na chemchemi ya ajabu. Alikuwa na dawa chache, kisu cha upasuaji, na miaka zaidi ya 60 ya kuitikia anapoitwa. Mtu aliyeuzwa kama mzigo akawa ndiye “mtu” wa wale wasio na mtu.

VI. LOURDES NA KAGUNGA

Tarehe 25 Februari 1858 Bernadette alifukua kwa mikono yake chemchemi ya Massabielle. Milima ile ya Pirenei ilikuwa na miji ya spa iliyotajirika kwa watalii, na meya wa Lourdes alitumaini kwamba mji wake nao umepata maji ya madini. Maji yakapimwa. Profesa Filhol wa Toulouse akatoa jibu mwaka huohuo: ni maji ya kawaida ya kunywa, hayana madini ya kutibu. Naye Bernadette, aliyekuwa na pumu, alipelekwa kwenye chemchemi za Cauterets kama wagonjwa wengine. Hakudai kwamba maji ya pangoni yangemwondolea maradhi yake.

Basi ni nini kilichoifanya Lourdes iwe Lourdes? Kanisa limekwisha kutambua miujiza zaidi ya 70 ya uponyaji, nasi tunaisadiki kwa shukrani. Lakini mamilioni walirudi nyumbani na ugonjwa wao, na bado walirudi na furaha. Sababu mojawapo ni kwamba pale utaratibu wa dunia umegeuzwa. Tangu 1885 lipo shirika la watu wa kujitolea wanaosukuma viti vya wagonjwa, wanaowabeba na kuwahudumia, na katika maandamano mgonjwa hutangulia. Tajiri na mtaalamu husukuma kiti cha mtu wasiyemjua. Yule wa Bethzatha angefika huko, angepata mtu.

Sasa tulitazame Ziwa letu. Mwezi Mei 2015, wakati wa machafuko ya Burundi, makumi ya maelfu ya wakimbizi walijazana katika ufuko mwembamba wa Kagunga, kati ya mlima na maji. Ni ufuko ambao katika hali nyingine mtalii angeupiga picha. Vyoo havikuwapo vya kutosha, wala maji safi, nao wakanywa ya ziwa. Kipindupindu kikaingia, wakaugua watu zaidi ya 3,000, wakafa wasiopungua 30, kabla meli ya Liemba na boti nyingine hazijawaondoa wote. Mahali hapohapo walikuwapo pia wauguzi, wavuvi na majirani waliowabeba wagonjwa. Maji ni kiumbe cha Mungu, na ni mazuri. Yakiachwa pasipo upendo na haki yanaweza kuua.

VII. LITUPASALO

Kwa hiyo, wapendwa, narudi kwenye swali la mwanzo. Mkristo aweza kwenda spa? Aweza, iwapo pana heshima na kiasi. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na pumziko ni amri ya Mungu kabla ya kuwa biashara. Lakini asitazamie lisilopatikana huko. Mtakatifu Augustino anatusimulia katika Maungamo yake kwamba, alipofiwa na mama yake Monika mwaka 387, alikwenda kuoga kwa sababu alisikia kwamba bafu huondoa huzuni. Akatoka vilevile alivyoingia.

Pia Mkristo aangalie nani anachochea tanuru. Binti anayekukanda ni mwana wa Mungu. Je, analipwa haki yake? Analindwa dhidi ya wanaotaka kumnunua? Mahali panapotumia jina la spa kuficha uchafu, tuseme wazi kwamba ni utumwa uliobadilisha mavazi. Na hoteli zinapoongezeka mwambaoni, jambo tunalolitamani kwa ajili ya ajira za vijana wetu, tukumbuke busara ya Uvinza: mgeni apokewe, mwenyeji asinyimwe. Akina mama wanaochota maji na wavuvi wanaoanika dagaa wasije wakajikuta hawana njia ya kufika ziwani.

Hatimaye, Papa Yohane Paulo II aliiweka tarehe 11 Februari kuwa Siku ya Wagonjwa Duniani, na imeadhimishwa kila mwaka tangu 1993. Nisingependa tuiadhimishe kwa Misa peke yake. Kila jumuiya ndogo ndogo ijiulize: katika mtaa wetu, ni nani aliyelala miaka mingi, anayeijua njia ya Hospitali ya Maweni lakini hana wa kumshika mkono hadi kituo cha gari? Ni nani ambaye hajaogeshwa wala kubadilishiwa shuka tangu Dominika iliyopita? Ndoo moja ya maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa safi na saa moja ya muda wako: hiyo ndiyo spa ambayo kila jumuiya yetu inaweza kuifungua juma hili, na haihitaji kiingilio.

Bwana aliyemwinua yule wa Bethzatha bila hata kumtia majini, atujalie sisi, tuliotiwa majini siku ya Ubatizo, tuwe watu wa wasio na mtu. Mama Maria wa Lourdes, afya ya wagonjwa, utuombee.

Nawatakieni juma lenye baraka. Tumsifu Yesu Kristo!

Padre wenu